Risiti ya Kitu cha Bure

Waliingia wawili saa nne asubuhi, wakati Samiha anatoa kopi ya cheti cha kuzaliwa cha mtoto wa jirani. Hawakutoa salamu. Walivaa vizibao vya kijani vilivyoandikwa mgongoni UHAKIKI BORA WAKALA, na vitambulisho vyao vilining'inia vifuani kwa kamba za bluu. Mmoja, yule mrefu, jina lake lilisomeka Jonas. Kitambulisho cha mwenzake kilikuwa kimegeuka nyuma mbele, na hakukigeuza muda wote aliokuwa pale.

"Mwenye steshenari nani?" Jonas aliuliza.

"Mie. Karibuni."

"Kompyuta ni hii moja?"

"Ndiyo hiyo. Mna kazi ya kuchapa?"

Jonas alizunguka meza, akaichukua mausi mkononi mwa Samiha kama mtu anayemnyang'anya mtoto kisu, akaanza kufungua hiki na kile. Wateja watatu waliokuwa kwenye benchi waliacha kuchezea simu zao wakatazama.

"Hii Windows umeinunua wapi?"

"Imekuja na mashine. Nimenunua duka la Kariakoo, risiti ninayo."

"Hiyo risiti ya mashine. Mie nakuuliza risiti ya Windows."

Samiha kwa miaka sita alikuwa anakaa mbele ya kompyuta ile, kwenye chumba cha mbele cha nyumba yao ya Mwananyamala, hatua chache kutoka njia ya kwendea hospitali. Alikuwa amechapa maombi ya kazi, kadi za harusi, ratiba za mazishi, tafiti za wanachuo na barua za malalamiko ambazo hakuzihesabu. Hakuna mtu hata mmoja aliyewahi kumwambia kwamba kile kinachowaka ukibonyeza kitufe kina bei yake peke yake na risiti yake peke yake.

"Basi hii ni ya wizi," Jonas alisema, na alisema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani. "Faini yake milioni mbili. Ila na sie binadamu. Ukinunua leseni kwetu, laki nne na nusu, faili linafungwa. Una siku saba."

Yule mwenzake akapiga piga ubavu wa CPU kwa kiganja. "Tatizo mashine yenyewe kuukuu, mama. Hiyo Windows ya kumi imeshaachwa, na hii mpya haiingii humu. Bora uchukue mashine kwetu. Milioni moja na laki mbili, inakuja na kila kitu chake."

Utazame vizuri mpango huo. Anayekagua ndiye anayehukumu, na anayehukumu ndiye anayeuza. Samiha aliuona palepale, lakini mdomo ulikuwa mzito, maana mteja wa kwanza kwenye benchi alishanyanyuka akaondoka na karatasi zake bila kuaga.

Kabla hawajatoka, Jonas alibandua karatasi nyekundu yenye gundi akaibandika kwenye mlango wa bati, usawa wa macho. PROGRAMU BATILI. MHUSIKA ANATUHUMIWA. Chini yake kulikuwa na namba ya simu, na onyo kwamba atakayeibandua atashtakiwa.

Saa sita mchana mwanamke anayeuza vitumbua upande wa pili wa barabara alivuka akamwuliza Samiha kwa kunong'ona, kwa huruma ya kweli kabisa: "Shoga, wamekukuta na mali ya nani?"

*

Nasser, mumewe, aliuza kanzu na udi Buguruni. Alirudi baada ya alasiri, akasoma karatasi mara mbili pale mlangoni, akaingia ndani bila kuvua kofia. Mama yake, Bi Reem, alikuwa amekaa kwenye mkeka anachambua mchele.

"Lipa," Nasser alisema. "Laki nne na nusu tutaitafuta. Lipa yaishe."

"Nilipie kitu gani, baba Nawal? Mashine niliinunua kwa hela yangu. Kama Windows ni ya wizi, aliyeiba ni aliyeiweka. Mbona hawaendi kwake?"

"Mama Nawal, sie watu wa duka. Mtu akija na kitambulisho unampa kiti, unampa soda, unamwuliza anataka nini. Hatubishanagi nao. Mzee wangu aliishi hivyo miaka hamsini na duka lake halikufungwa hata siku moja."

"Na wakaniita mwizi mbele ya wateja."

"Maneno hayaachi kovu."

Bi Reem aliinua uso kutoka kwenye ungo, akamtazama mwanawe, kisha akarudi kwenye mchele wake.

Kesho yake Samiha alifunga steshenari asubuhi akaenda Kariakoo na risiti yake iliyofifia. Yule muuzaji alimkumbuka, akamkaribisha kwa bashasha, na aliposikia habari akacheka mpaka akashika kiuno.

"Dada, mji mzima huu wanatumia hiyo hiyo! Sie tunampigia Windows kila mteja, ni huduma."

"Sawa. Basi niandikie kwenye karatasi kwamba ni nyie mlioiweka, siyo mie. Andika, weka muhuri wa duka."

Kicheko kilikatika. Ghafla yule bwana akakumbuka kwamba ana mzigo unashushwa nyuma ya jengo. Samiha alisubiri dakika arobaini, amesimama, akipishana na wapagazi waliomwambia asogee. Yule bwana hakurudi. Samiha akaondoka na jambo moja kichwani: mtu yule aliyekuwa hodari wa maneno alikimbia karatasi.

*

Mwalimu Kamugisha alikuwa mteja wa siku nyingi, mstaafu aliyefundisha fizikia miaka thelathini, na kila mwezi alikuja kutoa kopi za nyaraka zake za pensheni. Siku iliyofuata alifika, akavaa miwani, akaisoma karatasi nyekundu kwa sauti, neno kwa neno, kama anaisomea darasa.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Wamekuja na kwako? Mie wasingepata cha kubandika. Toka nistaafu sina Windows."

"Unatumia nini sasa?"

"Linux."

Samiha alilisikia neno lile kama jina la dawa. Mwalimu akakaa kwenye benchi, ambalo kwa siku mbili halikuwa na mtu mwingine, akamweleza. Kwamba kuna watu ulimwenguni, maelfu, wameandika programu yao ya kuendeshea kompyuta badala ya Windows, wakaiweka wazi, anayetaka achukue, ampe na mwenzake. Kwamba ruhusa hiyo imeandikwa, ina jina, na mtu yeyote anaweza kuisoma. Kwamba mashine yake yeye ina miaka kumi na mitano na bado anasomea magazeti.

"Kwa shilingi ngapi?"

"Bure."

"Mwalimu, mie mtoto wa mjini. Kitu cha bure kimetoka huko kote mpaka kinifikie Mwananyamala, ndani kina nini?"

Kamugisha alicheka. "Swali zuri. Ndiyo maana hutaanza kwa kufuta kitu. Utakionja kwanza."

Alirudi kesho yake na flashi. Akamwonyesha kitufe cha kubonyeza mashine inapowaka, na kompyuta ikaamka na sura nyingine: rangi nyingine, menyu nyingine, kila kitu mahali pengine. Windows ilikuwa bado imelala ndani ya diski, haijaguswa. Samiha alikaa kwenye kiti chake mwenyewe akajiona mgeni. Alitafuta pa kuandikia barua dakika kumi nzima. Alipopapata, akachapa jina lake, akalitazama. Lilikuwa lilelile.

Asidanganywe mtu kwamba ilikuwa rahisi. Printa ilikataa. Ilinguruma, ikawasha taa ya chungwa, ikatulia. Aliunganisha simu yake, akamaliza bando la siku akisoma maelekezo ya watu walioandika kana kwamba kila msomaji alizaliwa anajua. Mahali fulani walimwambia aandike neno la siri, akaandika, na hakikutokea kitu, hata nukta. Alidhani kibodi imekufa. Akabadilisha waya, akapuliza vumbi, akampigia Mwalimu.

"Haionyeshi, mwanangu. Inakusikia ila haionyeshi. Andika tu, ubonyeze."

Aliandika, akabonyeza. Printa ikakohoa, ikatoa karatasi. Samiha akapiga kelele mpaka Bi Reem akatoka uani akiwa na mwiko mkononi.

Siku ya nne ya zile saba akaamua. Alinakili kazi zote za wateja kwenye flashi nyingine, akazihakiki moja moja, kisha akarudi kwenye ile ya Mwalimu. Mashine ikamwuliza kama anataka kufuta diski yote, ikamwonya kwamba akishafuta hakuna kurudi. Alikaa ameweka kidole juu ya mausi. Akawaza laki nne na nusu, akawaza yule mwanamke wa vitumbua. Akabonyeza.

*

Adelina alikuwa mwanachuo wa uuguzi, binti wa Songea, na ripoti yake ya utafiti ndiyo kazi kubwa iliyobaki kwa Samiha. Wateja wengine walikuwa wamehamia steshenari ya mbele, isiyokuwa na karatasi nyekundu. Adelina hakuhama kwa sababu hakuwa na muda wa kuhama. Ripoti ilitakiwa Jumatatu.

Alipoiona kwenye programu mpya aliguna. "Dada Samiha, mbona kurasa sabini na moja? Zilikuwa sitini na nne!"

"Zimeongezeka zenyewe?"

"Jedwali limekatika katikati! Na mwandiko siyo ule. Msimamizi wangu akiona hivi atanirudisha mwaka mzima, wallahi mie nakufa."

Samiha naye alitaka kulia, lakini mwenye steshenari halii mbele ya mteja. Akampigia tena Mwalimu, akajua kwamba fonti zinazotakiwa hazikuwemo. Akazipakua. Kurasa zikarudi sitini na tano. Ile moja iliyozidi waliifanyia kazi wote wawili, bega kwa bega, siku mbili, na wakati huohuo Adelina akaisahihisha sura ya nne yote kama msimamizi alivyotaka. Ijumaa asubuhi ilikuwa safi, imebaki kuprinti tu.

Ijumaa ilikuwa pia siku ya saba.

Nasser hakwenda Buguruni siku hiyo. Alisema anataka aongee na wale jamaa kiume. Alinunua soda mbili za baridi, akapanga viti viwili vya plastiki, akafuta vumbi kwa kiganja. Jonas na mwenzake waliingia, wakazikuta soda, wakazinywa.

"Haya, mama. Umeamua nini? Leseni au mashine?"

"Hakuna Windows humu," Samiha alisema. "Kagueni."

Jonas alikaa. Akabonyeza pale alipozoea kubonyeza, hakikutokea alichozoea. Akahangaika na mausi. Ilikuwa wazi kwa kila aliyekuwepo, hata kwa Nasser, kwamba mhakiki wa programu alikuwa hajui anachokihakiki.

"Hii nini?"

"Linux."

"Leseni yake?"

Samiha alikuwa amejiandaa. Akamkabidhi kurasa alizochapa, masharti yote, na sehemu ya ruhusa aliipigia mstari kwa kalamu. Jonas aliziangalia kwa juu juu, akazitupa mezani.

"Umeprinti mwenyewe hizi. Mie nataka risiti."

"Ni ya bure, kaka. Kitu cha bure risiti yake inatoka wapi?"

"Hakuna cha bure kwenye kompyuta. Kisicho na risiti ni cha wizi. Sasa hapa una makosa mawili, la kwanza na hili la kuficha ushahidi." Alianza kuchomoa nyaya.

"Kaka, humo kuna kazi ya mtu!" Adelina alisimama kutoka kwenye benchi. "Kuna ripoti yangu!"

"Utaifuata ofisini."

Samiha aliweka mikono yote miwili juu ya CPU. Hapo ndipo Nasser aliposogea, akiwa amejawa jasho, akaongea kwa ile sauti laini ya dukani, sauti ya kumshawishi mteja achukue na kofia.

"Mama Nawal, waombe radhi ndugu zetu hawa. Waombe radhi yaishe."

"Niwaombe radhi kwa kosa gani?"

"Kosa lolote."

Samiha alimgeukia mumewe. Kisha akaondoa mikono. Jonas akaibeba CPU begani, waya mmoja ukiburuzika nyuma yake, na barabara nzima ikaona. Mwenzake alibaki nyuma kidogo, akamalizia soda yake, akaiweka chupa mezani.

*

Alasiri hakuna aliyekula. Bi Reem alimwita mwanawe uani.

"Nasser. Baba yako aliwapa watu soda kwa sababu alikuwa na duka. Hakuwahi kuwapa mke wake."

"Mama, mie nilitaka kumwokoa."

"Umemwokoa na nini?"

Bi Reem hakusubiri jibu, aliingia ndani akamwambia mkwewe: "Kesho naenda na wewe."

Ofisi ya Uhakiki Bora ilikuwa ghorofa ya kwanza, juu ya duka la vigae, njia ya kwendea Madale. Jumamosi saa tatu asubuhi palikuwa na watu wanane kwenye benchi: wenye steshenari, mwenye studio ya picha, na mzee wa Kihindi, Fazal Rahemtulla, aliyekuwa na duka la vitabu na kopi Buguruni tangu kabla Samiha hajazaliwa. Mzee Fazal alikuwa na bahasha ya kaki yenye hela mapajani, ameishika kwa mikono miwili. CPU zao zilipangwa ukutani chini, kila moja na karatasi ya namba, kama mizigo iliyopotea. Hakuna aliyekuwa anaongea. Walikuwa watu wazima, wafanyabiashara, na walikaa kama wanafunzi waliochelewa shule.

Meneja, Bwana Talha, alikuwa mtu wa manukato na tabasamu. Aliwaita Samiha na mkwewe mezani kwake mbele ya wote, maana chumba kilikuwa kimoja tu.

"Mama, tumekurahisishia. Mashine yako tumeshaipigia Windows halali. Saini hapa, ulipe laki nne na nusu na elfu thelathini ya ufundi, uondoke nayo."

Samiha aliitazama CPU yake kwenye meza ya mafundi, imeunganishwa na skrini, inang'aa bluu. "Mmefuta vilivyokuwemo?"

"Kilikuwemo kitu cha ajabu ajabu."

"Ilikuwemo ripoti ya mwanachuo. Mmefuta?"

"Tulikuwa tunakusaidia."

Nakala za kazi za wateja alikuwa nazo, lakini ya Adelina aliyokuwa nayo ni ile ya siku alipofuta Windows. Sura ya nne, siku mbili za watu wawili, haikuwepo tena popote duniani. Samiha alipofungua mdomo, sauti ilitoka imetulia kuliko alivyotarajia.

"Bwana Talha, niandikie."

"Nikuandikie nini?"

"Niandikie kwamba mmechukua mashine yangu, mkafuta Linux kwa sababu ni ya wizi, mkafuta na ripoti ya mtu. Utaje sheria inayokuruhusu. Na utaje nani amekutuma. Halafu weka jina lako, sahihi na muhuri. Ukishaniandikia, mie nasaini yako na hela nakupa sasa hivi."

Tabasamu la Talha lilibaki usoni, ila macho yaliacha kushiriki. "Hatuna utaratibu huo."

"Una utaratibu wa kubandika mlango wangu. Una karatasi ya kuniita mtuhumiwa. Ya kuniandikia sababu huna?" Aligeukia benchi. "Nyie wenzangu, kuna yeyote hapa ameandikiwa barua yenye jina la mtu?"

Watu walitazamana. Mwenye studio ya picha alitikisa kichwa. Mzee Fazal alisafisha koo. "Mie nimeomba," alisema kwa Kiswahili chake cha Buguruni. "Wamesema barua iko njiani. Sasa wiki ya tatu."

Minong'ono ikaanza, ya kwanza tangu asubuhi. Talha aliisikia. Akainuka. "Mama, chukua chombo chako uende. Sitaki vurugu ofisini kwangu."

"Siendi nacho hivi," Samiha alisema. "Hii Windows uliyoniwekea sina risiti yake. Nikitoka nayo, Jumatatu Jonas yuko mlangoni kwangu."

Akafungua mkoba, akatoa flashi, akaenda kwenye meza ya mafundi. Akazima mashine, akaiwasha, akabonyeza kitufe alichofundishwa. Fundi aliyekuwa pale alisogea pembeni bila kuambiwa.

"Huwezi kufanya hayo hapa!" Talha alipayuka.

"Mashine ya nani?"

"Ya... nimesema ondoka nayo!"

"Basi ni yangu."

Jonas alitoka chumba cha nyuma, akaufuata ukuta ulikochomekwa waya wa umeme. Lakini Bi Reem alikuwa ametangulia. Alikuwa amevuta kigoda mpaka kwenye soketi, akakaa, akalipanga buibui lake vizuri, na mgongo wake ukauziba ukuta.

"Mwanangu," alimwambia Jonas, "mie nina miaka sabini na mbili na nyonga moja mbovu. Ukitaka kuzima, nibebe kwanza kama ulivyobeba ile mashine. Nibebe begani watu waone."

Jonas alisimama mikono ikining'inia. Watu wanane walikuwa wamesimama pia, na wengine walishatoa simu. Hakumbeba.

Ilichukua dakika ishirini na mbili. Mara mbili Samiha alikosea, akarudi nyuma, akajaribu tena. Hakuwa fundi. Siku nane zilizopita hakulijua hata jina la kitu anachokifanya. Polepole benchi lilihama, mmoja mmoja, likawa nyuma ya kiti chake. Mwenye studio aliuliza kama kamera inakubali. Mwingine aliuliza kuhusu printa, na Samiha, bila kugeuka, akamwambia ukweli kwamba itamsumbua siku moja. Sura mpya ilipotokea kwenye skrini, Mzee Fazal aliinamisha kichwa karibu na kioo kwa muda mrefu.

"Na hii," aliuliza, "wamekuambia bure? Kabisa?"

"Kabisa, mzee."

Mzee Fazal akaikunja ile bahasha ya kaki, akaitia mfuko wa ndani wa koti, akafunga kifungo. Kisha akaenda ukutani kuitafuta CPU yake kati ya zile zenye namba.

*

Haikuisha kwa shangwe. Adelina alipoambiwa kuhusu sura ya nne alikaa chini kwenye ngazi ya steshenari akajifunika uso kwa kitenge. Walikuwa na Jumamosi iliyobaki na Jumapili yote kuiandika upya kutoka kwenye karatasi za madodoso zilizojaa mikwaruzo, na kwa kuwa Adelina alikuwa anafupisha na Samiha anachapa, hakukuwa na mtu wa kusoma majibu. Nasser alisimama mlangoni muda. Kisha akavua viatu, akakaa kwenye benchi, akazichukua karatasi.

"Dodoso namba moja," alisoma. "Umri, ishirini na tisa. Idadi ya watoto, watatu."

Alisoma madodoso mia moja na kumi. Ripoti iliingia chuoni Jumatatu, saa moja kabla ya kufungwa. Hakuna aliyemwomba radhi Adelina, wala Samiha. Wale wa vizibao vya kijani hawakuonekana tena mtaa ule, ila wateja wanasema wanawaonaga upande mwingine wa mji, wanabandika milango ya watu wengine.

Jumatano wakakusanyika kwenye kile chumba cha mbele: mwenye studio, Mzee Fazal, wenye steshenari watano, na Mwalimu Kamugisha aliyekuja kusaidia kwa flashi zake. Walikuwa wameamua kuandika malalamiko kwa pamoja, wayapeleke kwa mamlaka, kila mmoja na maelezo yake na sahihi yake. Samiha alichapa ya wote. Barua za namna hiyo alikuwa ameziandikia watu miaka sita, na alijua pa kuweka tarehe, pa kuweka nukuu, na neno gani linamfanya msomaji asiruke mstari. Ya kwake aliiacha mwisho, watu wakiwa wameshaondoka na jua bado liko juu ya mabati.

Nasser aliingia kutoka Buguruni akamkuta anaichapa. Akasimama nyuma yake, akasoma. Tarehe. Majina. Jinsi walivyoingia bila salamu. Jinsi Jonas alivyotupa zile karatasi na kuchomoa nyaya.

"Hapo umeruka," Nasser alisema.

"Nimeruka nini?"

"Kati ya alipochomoa nyaya na alipobeba."

Samiha aliacha kuchapa. "Hilo halihusiani nao."

"Linahusiana. Mie ni shahidi, nilikuwepo." Akavuta kile kiti cha plastiki alichokuwa amemfutia Jonas vumbi, akakaa ubavuni mwake. "Andika: mume wangu alikuwepo, aliona kila kitu, na aliniambia mie ndiye niombe radhi."

"Baba Nawal, hii inasomwa na watu."

"Andika, mama Nawal. Nitaweka sahihi chini yake."

Alimtazama kuona kama ni maneno ya dukani. Hayakuwa. Akageukia skrini, akarudisha mshale juu mahali palepale, akafungua nafasi ya mstari mmoja, akaandika.